Mti wa Machela

Barua pepe ilikuwa fupi na kali: "Takwimu zenu zina kosa. Mmeandika waliohudumiwa ni 214 na waliotoa huduma ni 213. Kwa uzoefu wetu, wahudumu huwa wachache na wahudumiwa huwa wengi. Rekebisheni kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo kikundi chenu hakitaingia katika orodha."

Winfrida aliisoma mara tatu. Nje, kituo cha mabasi cha Msamvu kilikuwa kikipiga makelele yake ya kila siku. Wapiga debe walinadi Dodoma, wakanadi Ifakara, wakagombania abiria mmoja kama kuku wagombaniavyo punje.

"Mbona kitu kidogo, mama," alisema Shadia, binti mwenye kafe ile ya intaneti. "Weka wahudumu kumi na wawili, tunatuma fasta, mambo yanaisha. Nani atapanda mlima kwenda kuwahesabu?"

Winfrida alipeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta, kisha kidole kikagoma. Orodha haikuwa jambo geni kwake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja mjini. Kiwanda kilipouzwa, akaletewa karatasi yenye majina ya watakaopunguzwa kazi ayapige chapa kwa mpangilio wa herufi. Alipiga A, akapiga B, akawahurumia wenzake mmoja mmoja kwa moyo mweupe, mpaka alipofika W akakuta jina lake. Akalipiga pia, tena bila kukosea. Tangu siku hiyo neno lile lilimganda kama ulimbo: aliyepunguzwa. Alipoona majirani zake wa Mafiga wanamsalimu kwa sauti ya msibani, alifunga virago akahamia kijijini kwa marehemu mama yake, juu ya Mlali, mahali alipokuwa akipajua kwa kusimuliwa tu.

Huko ndiko alikokuta machela. Mgonjwa akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, hulazwa kwenye turubai lililoning'inizwa kwenye mti mrefu, watu wakauweka mti begani wakashuka naye mpaka Mlali, kwenye gari la kwenda hospitali ya misheni. Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika tangu zamani. Lakini mvua za El Nino zilichukua daraja la magogo, na tangu hapo, kila masika, machela iliishia ukingoni mwa mto. Mwaka uliopita Prisca, jirani yake aliyeshikwa na uchungu, alilala pale pale tangu asubuhi hadi alasiri, mto ukinguruma, wabebaji wakimkinga mvua kwa majani ya migomba. Alipofika hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo Winfrida aliposikia kuna taasisi Dar es Salaam iliyofungua tovuti ya kutangaza vikundi vinavyostahili kuungwa mkono, alijitolea kujaza fomu. Kijiji kilihitaji kamba za chuma za kutundikia daraja, basi. Ukarani aliujua, Kiingereza cha kuombea alikuwa nacho. Namba zenyewe alipewa na mjomba wake, Stefano, mtunza machela, naye aliziandika kama alivyoambiwa. Sasa mzee wa watu amemwaibisha.

"Usibadilishe kitu, Shadia," alisema, akainuka. "Nakwenda kumuuliza aliyehesabu."

Alipanda kesho yake asubuhi, jasho likimtoka na maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Alimkuta Stefano kibarazani anafunga mafungu ya kabichi za kupeleka sokoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepanda kwa hasira wewe. Nimekusikia unavyopumua toka kule bondeni."

"Hesabu yako imeturudisha nyuma. Wanasema haiwezekani wahudumu wawe wengi hivyo. Wanasema tumekosea."

Stefano aliweka kabichi chini. Hakukasirika, alionekana kuwasikitikia watu wa Dar es Salaam. "Hao wakibebwa huko kwao, nani huwabeba?"

"Wanabebwa na gari, mjomba."

"Basi ndiyo maana." Akanyoosha mikono juu, akautoa mti wa machela kwenye kingo za dari, akaulaza magotini mwao wote wawili. Ulikuwa mweusi, laini kwa jasho la mabega. Toka ncha hadi ncha ulikuwa umejaa alama za kisu. "Mtu akibebwa, nakata mstari. Akipona, akija akatia bega kumbeba mwingine, nakata mstari wa pili juu ya ule, unakuwa msalaba. Asipopona, lukolo lwake, yaani ukoo wa mama yake, hutoa mtu. Aliyebebwa hubeba. Sasa nionyeshe hapo mhudumu nani na mhudumiwa nani."

Winfrida alipitisha kidole, Stefano akimtajia majina. Msalaba, msalaba, msalaba. Yule ni Benedikto aliyeumwa na nyoka, huyu Theresia wa pacha, huyu Prisca, aliyebeba wiki sita tu baada ya kumzika mwanawe, tena bila kuombwa. Hasira zake zilikuwa zimemwishia kimyakimya. Ghafla kidole kikakwama kwenye mstari mmoja mkongwe uliokuwa peke yake.

"Huyu hakubeba."

"Bado."

"Nani?"

Stefano alijikohoza. "Dada yangu. Mwaka hamsini na nane, ana mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mimi mwenyewe nilikuwa mbele. Tulimfikisha. Baba yako, mtu wa reli, akamchukua hospitalini moja kwa moja mpaka mjini, na dada hakupanda tena huku mpaka anafariki. Tulitaka kutoa mtu wa kumkatia msalaba, bibi yako akakataa katakata. Alisema, 'Asiguse mtu. Ana binti, atakuja mwenyewe.'"

Machozi yalimdondoka Winfrida juu ya mti, naye hakuyafuta.

"Mwaka wa tatu huu niko hapa, mjomba! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mtu hakumbushwi. Ukikumbushwa hujabeba, umetumwa."

Miaka yote mitatu Winfrida alijiona mtu aliyefutwa, aliyekuja kujificha milimani kwa hisani ya watu. Kumbe mahali pake palikuwa pamekatwa kwa kisu tangu siku aliyozaliwa, pakamngoja miaka arobaini na mitano. Alijisikia kucheka, akacheka, na Stefano akacheka naye bila kuuliza sababu.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika saba, Winfrida alituma jibu. Hakurekebisha hata tarakimu moja. Aliandika habari ya mti na misalaba yake, na mwishoni akaongeza: "Hatuna wahudumu wala wahudumiwa. Tuna waliobebwa wakabeba. Aliyebaki ni mmoja, naye ndiye anayewaandikia."

"Mama," alisema Shadia, sauti imebadilika, "hii wakiikataa, mimi nafunga duka."

Hawakuikataa. Jumatatu kikundi kilikuwa kwenye tovuti, na juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene, waliandika: Aliyebebwa hubeba. Yakaja majibu na michango kutoka kwa watu wasiojua Uluguru iko pembe ipi ya dunia. Baada ya miezi minne kamba za chuma zilishushwa kwenye lori pale Mlali, nzito kiasi kwamba watu sitini walizibeba begani, wamejipanga njiani kama siafu, wakiimba. Daraja lilipokamilika, padri alitaka kulibariki kwanza kabla ya watu kuvuka. Stefano akamwambia aharakishe, mawingu hayamsubiri mtu.

Masika yalipokolea, Modesta, mke wa mwalimu, wa kwanza kuhitaji machela tangu jibu lile litumwe, alishikwa na uchungu alfajiri. Mlio wa pembe ya kuwaita wabebaji uliposikika, Winfrida alikuwa wa kwanza kufika. Aliinama mbele ya machela, akatia bega. Mti ulimlemea, ukamuuma mfupa, ukamsukuma kwenye utelezi, nyuma yake Prisca alimwambia, "Polepole, dada. Fuata pumzi yangu." Walipofika mtoni, maji yalikuwa mekundu, yanang'oa mawe. Winfrida alikanyaga ubao wa kwanza. Daraja likayumba kidogo, likatulia. Aliusikia mto ukifoka chini ya miguu yake bila kuwapata, na ng'ambo waliposhuka, wote walipiga vigelegele, hata Modesta katikati ya uchungu wake, jambo ambalo Prisca alilisimulia mwaka mzima.

Mtoto alizaliwa saa tano, wa kike, ana sauti ya mnadi.

Jioni ile Stefano alichukua kisu. Alikata msalaba kwenye mstari mkongwe, taratibu, akapuliza unga wa mti. Kisha akasogea mbele kidogo, akakata mstari mpya wa Modesta.

Wiki iliyofuata Winfrida alikuwa Msamvu, bega limevimba na kumpendeza. Alifungua ukurasa wao, akafuta namba za zamani, akaandika mpya: waliobebwa 215, waliobeba 214.

Shadia aliinama nyuma yake, akatazama kioo, akakunja uso. "Mama, bado hazilingani. Imepungua moja tena."

"Haikupungua," alisema Winfrida. "Iko njiani. Tuma."