Dozi ya Bi Sindano

Tangu ahamie kwa binti yake, Bi Sindano alikuwa hajagombezwa hata mara moja, na jambo hilo lilimkosesha raha. Msimcheke. Muuguzi aliyetumikia wodi miaka thelathini na nne, akagombana na madaktari, na wafagizi, na ndugu wa wagonjwa wanaotaka kulala uvunguni, ukimkalisha kwenye kochi ukamwambia "pumzika, mama", umemfunga jela. Magoti ndiyo yaliyomleta pale. Mikono ilikuwa mizima, tena ilimwasha kwa kukosa kazi.

Tatizo lilikuwa mkwe. Fundi wa lifti yule, mrefu, mpole, alikuwa na adabu ya kupindukia. Akimkuta mama mkwe sebuleni hurudi nyuma hatua mbili. "Shikamoo mama. Umeshindaje mama? Samahani mama." Samahani ya nini? Ya kupita! Bi Sindano akishika ufagio, mkwe anaupokea kwa mikono miwili kama zawadi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa anamaliza mwezi wa tatu na jembe hajaliona.

"Hapa mimi mgeni tu," alimwambia binti yake. "Siku mumeo akinigombeza ndiyo nitajua nimefika nyumbani. La sivyo mwisho wa mwezi narudi kwangu, na magoti yangu hivi hivi."

Binti akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani.

Sasa, huyo fundi naye alikuwa na ugonjwa wake: mimea. Kwenye roshani alipanga vyungu ishirini na kitu vya mimea inayotambaa, ile ambayo shina lake, pale linapotoka udongoni, limevimba likawa tumbo la duara lenye ganda la kijivu, limekaa juu ya kokoto kama limeshiba. Tumbo hilo ndilo tangi. Mvua zikija mmea unakunywa na kuweka akiba. Ukavu ukiingia unaangusha majani yote na kulala, ukabaki uzi mkavu uliojisokota kwenye waya wa dirisha. Majirani waliuliza kwa nini anafuga viazi. Yeye aliviita vitambi vyake, na kila jioni, kabla hajavua viatu, alivizungukia akivibonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba.

Mkubwa wao aliitwa Mheshimiwa, na ukimwona hukuuliza kwa nini. Fundi alimpanda akiwa mbegu mwaka aliooa, miaka kumi na saba iliyopita. Kila alipombadilishia chungu alimwinua juu ya kokoto kwa upana wa kidole, ili kitambi kionekane, na sasa alikuwa sawa na mpira wa miguu. Mtu mmoja aliwahi kutaka kumnunua. Fundi akamuuliza kama na yeye anauza watoto wake.

Basi miezi ya ukavu ikaingia na vitambi vyote vikalala, na fundi akaviacha vilale, akivibonyeza mara moja moja tu. Asubuhi moja, wenye nyumba wakiwa kazini, Bi Sindano akatoka roshani kuota jua, akaona. Lahaula! Majani hakuna. Mheshimiwa ganda limekunjamana. Bibi akainama, akamfinya kwa vidole viwili vile alivyokuwa akifinya tumbo la mtoto aliyeharisha. Ngozi ya mtoto mzima hurudi papo hapo. Hii haikurudi.

"Kaishiwa maji, maskini," akasema, na moyo ukamruka kwa furaha. Kazi ilikuwa imepatikana.

Kuuliza hakuuliza. Angemuuliza nani, wakati muulizwaji akimwona anarudi kinyumenyume? Alichukua karatasi ya kalenda iliyopitwa, akapiga mistari nyuma yake: tarehe, saa, kiasi. Kikombe asubuhi, kikombe mchana. Wengine aliwaacha wasubiri, mahututi kwanza.

Siku ya kumi na mbili jioni, fundi alimbonyeza Mheshimiwa na kidole kikazama. Bi Sindano alikuwa mlangoni, akauona uso wa mkwe ukipauka. Fundi akanusa kidole, akakaa chini kwenye sakafu na nguo za kazi.

"Ameoza," alisema.

"Nani kammwagilia?" aliuliza mkewe.

Kokoto zilikuwa zimelowa, na mchana nyumba nzima hubaki na mtu mmoja. Fundi alijua. Akainamisha macho. "Hewa tu. Mwaka huu kuna unyevunyevu."

Unyevunyevu! Tone la mvua halikuwa limeanguka miezi miwili. Bi Sindano akasikia uchungu wa kuua mti wa watu, na juu yake uchungu mwingine mkali zaidi: huyu kijana yuko tayari kupoteza miaka kumi na saba kuliko kumwambia yeye neno moja. Akaingia ndani, akarudi na karatasi.

"Mkwe, pokea ripoti."

Fundi akasoma. Mgonjwa: Mheshimiwa. Jumla: vikombe ishirini na vinne. Hali: anaongezeka uzito. Akaikunja polepole. "Hapana, mama. Umefanya kwa wema."

"Nimekuulia mti, baba! Sema!"

"Bahati mbaya tu, mama. Samahani."

"Hee! Mtoto wa watu atakufa na donge kooni." Akashika kiuno. "Haya, mgonjwa amekufa au bado?"

"Ni upande mmoja. Ukikatwa mpaka kwenye nyama nyeupe, halafu akakaushwa, pengine atapona. Lakini mimi siwezi."

Mtu anayening'inia juu ya shimo la ghorofa kumi akikaza nyaya za chuma, kisu cha jikoni kimemshinda.

"Sogea," alisema Bi Sindano. "Nimesafisha vidonda ambavyo madaktari vijana walikuwa wanavikimbia. Binti, kisu chembamba, na spiriti."

Wakatandaza magazeti kwenye meza ya chakula. Fundi akamng'oa Mheshimiwa, akamkung'uta kokoto, akamshikilia kwa mikono miwili. Bi Sindano akakata. Vipande vya kwanza vilitoka kahawia, vinanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahaulika. Kisha ikaja nyama nyeupe yenye madoa, na kila doa akalifuata, maana ukibakiza moja uozo unarudi. Nusu ya kitambi ilikuwa mezani. Fundi anasema taratibu mama, samahani mama. Doa la mwisho lilikuwa refu, limepanda juu mpaka pale uzi wa mmea unapoanzia. Bi Sindano akageuza kisu.

"Wee mama!"

Sahani ziliitika kabatini.

"Hapo hapana! Hiyo ndiyo shingo, ukiikata hakuna kitakachochipua tena! Nimenyamaza weee, sasa basi! Kwanza nani alikwambia umwagilie? Miezi hii hawanywi, wamelala! Mdomo unao, ungeuliza!"

Binti alibaki na chupa ya spiriti hewani. Fundi mwenyewe alishtuka kuliko wote. "Mama, nisamehe, sijui nimeingiliwa na nini..."

"Nyamaza!" alisema Bi Sindano, na kifua chake kilikuwa kimejaa furaha tele, furaha ya kitoto. "Ningeuliza vipi? Nikikusogelea unakimbia! Miezi mitatu nalishwa samahani. Ungenieleza habari za vitambi vyako siku ya kwanza, tungekuwa hapa? Haya, nielekeze. Nipite wapi?"

"Chini," alisema fundi, bado amekasirika. "Ukwangue, usikate. Kwa kijiko."

"Kijiko kipi?"

"Kidogo! Cha chai! Na toka kwenye mwanga wangu, sioni."

"Mwanga wako umeununua?"

Binti akatoka akacheke jikoni. Wawili wale walikwangua na kubishana mpaka doa likaisha, wakampaka Mheshimiwa unga wa mkaa kwenye jeraha, wakabishana tena kuhusu mahali pa kumning'iniza.

Alikaa kivulini wiki tano kwenye wavu, bila tone. Wakampanda kwenye kokoto kavu, na mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine, Bi Sindano yupo. Mvua za kwanza ziliponyesha, alfajiri moja akaona kwenye shingo ya yule nusu-tumbo kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mchele. Akaenda kugonga mlango wa chumba cha watu bila hata hodi ya adabu.

Fundi akatoka na fulana, macho mazito. Akatazama, akatazama tena, akapangusa macho kwa kiganja. Walisimama bega kwa bega wakiinamia chungu.

"Nimpe kijiko kimoja tu?" aliuliza Bi Sindano.

"Mama."

"Nusu."

"Mama, ukimgusa kabla sijasema, tutakosana." Akapiga miayo, akarudi kulala.

Bi Sindano akavuta kiti, akakaa kando ya chungu, akicheka peke yake. Tutakosana! Hakuna mgeni anayeambiwa hivyo.