Pamba Begani

Msusi mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu mdomo wake haukuzimwa, alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha zahanati, bega wazi. Nje, benchi la wagonjwa lilikuwa tupu, na kwa nini lilikuwa tupu yeye alijua kuliko mtu yeyote.

Miezi miwili nyuma, tabibu kijana aliyesimama sasa kando ya kitanda alimtoa uvimbe wa mafuta begani. "Nyuzi za ndani zitayeyuka zenyewe, shangazi," alimwambia. "Mara nyingine mwili unazikataa, panatokea kinundu. Usikikamue. Kikande kwa maji ya uvuguvugu, uje nikione." Redio akaitikia ndiyo, ndiyo, akili iko kwa wateja. Kinundu kilipotokea, kigumu kama harage, akakikamua. Kikawa chekundu, kikatoa maji. Ndipo akawaambia wanawake wa saluni kwamba kijana kamsahaulia pamba ndani. Alitafuta kicheko tu. Lakini saluni ilijaa siku ile, kila aliyeingia akataka kusimuliwa upya, na hadi siku ya tatu pamba ilishakuwa bandeji nzima.

"Umekikamua," tabibu alisema.

"Kidogo."

"Shangazi, kidogo gani hii?" Alicheka, akamchoma ganzi. "Ni fundo la uzi tu. Nalitoa sasa hivi."

Akaanza kazi, kisha akasema, "Kwako habari zote zinapita. Kuna mtu anaeneza kwamba niliacha pamba mwilini mwa mgonjwa. Mwenye zahanati amesema wagonjwa wasiporudi mwezi huu, mimi niondoke. Hujasikia ni nani?"

Mteja mmoja aliyehama mji alimjia Redio akilini, mtu wa kusingiziwa bila shida. Jina lilifika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, na uso ukamwaka mpaka masikioni.

"Ni mimi," aliuambia mto.

Kibano kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Usitikisike," tabibu alisema. Akaweka kwenye sahani ya chuma fundo la uzi, dogo kuliko punje ya mchele. Akasafisha, akabandika plasta. "Usipalowanishe siku mbili. Rudi baada ya wiki."

Neno shangazi halikuwemo tena.

Saluni aliikuta imejaa. "Haya, Redio," aliuliza shoga yake kutoka chini ya draya, "pamba imetoka?"

"Hapakuwa na pamba. Ulikuwa uzi, nikakamua mwenyewe. Ile habari niliitunga."

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko.

"Kakupa nini huyo kijana?"

"Jamani, Redio kazimwa."

"Nasema kweli."

"Kweli gani? Si ulituonyesha mpaka urefu wa bandeji?"

Na kweli aliwaonyesha, kwa mikono yote miwili. Sasa mikono hakujua aiweke wapi. Alirudia: uzi, fundo, kukamua. Habari yenyewe ilikuwa fupi, haina utamu, na kabla hajaimaliza shoga yake akamwomba amwongezee moto wa draya.

Redio akaizima.

"Hasukwi mtu hapa mpaka mnisikilize," alisema, macho chini. Akavuta kiti, akakaa katikati yao, akaanza upya.