Uzi Bila Fundo

Mama mkwe wangu hajawahi kunisifu, na mimi sijawahi kumdai sifa. Tumekaa nyumba moja miaka kumi na tisa, tunashona mablanketi ya viraka na mapambo ya ukutani kwenye fremu moja, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa mlangoni. Fremu aliitengeneza mume wangu, seremala, na tangu siku aliyoimaliza hakanyagi chumba kile tukiwa tumeshika sindano. Si kwamba ana ubaya, anapenda amani tu.

Mtaani wanamwita Mama Viraka. Shati likichanika halitupwi, analetewa yeye. Mafundi cherehani nao wanamwekea vipande vinavyobaki kwenye majora mapya. Ana sheria zake. Kitambaa kipya sharti kifuliwe mara mbili kabla hakijakaa na cha zamani, maana kikija kujikunyata baadaye kitamrarua mwenzake. Siku nilipoletwa kwake bibi arusi, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Huyu naye tumfue kwanza." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Lakini kazi yake, jamani, mwenye haki apewe. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za mtama, imenyooka bila rula wala chaki. Mwaka jana nikaanza kuiona inakua. Ikawa punje za mchele, kisha punje za mahindi, kisha ikaanza kupanda na kushuka. Akawa ananiambia, "Hebu nitungie uzi, vidole vimeshikwa na baridi," na nje jua linaunguza. Macho yalikuwa yanamwisha. Daktari alimvuta mume wangu pembeni akamwambia macho haya hayarudi. Mwenyewe alipoulizwa akasema daktari gani yule, mtoto mdogo, hata ndevu hajaota.

Nani amwambie aache kushona? Mume wangu alijifanya ana mbao za kuranda. Mimi nilikuwa naogopa, na sioni aibu kusema. Nje barazani kuna kiti cha plastiki. Akiondoka kwenye fremu angekalishwa pale, asalimiwe na wapita njia, aulizwe ameamkaje, basi. Mwanamke yule amenisumbua nusu ya maisha yangu, lakini kumwona kwenye kile kiti nisingeweza.

Basi nikafanya la kufanya. Kila siku baada ya chakula cha mchana anajinyoosha mkekani saa nzima. Akianza kukoroma, nahamia upande wa dirishani, nafumua alichoshona asubuhi na kukishona upya. Akiamka ananikuta kwangu mlangoni, mpole kama sijatoka. Kilichonikera ni kimoja. Mtu aliyenipigia kelele miaka yote kwamba uzi bila fundo ni ahadi ya mlevi, sasa mwenyewe anamaliza kiraka anaiacha ncha inaning'inia! Nikivuta, uzi wote unanifuata mzima mzima. Uzee huu, nikawaza, hata fundo kalisahau. Nilishukuru kwa sababu kazi ilikuwa nyepesi, na papo hapo nikakasirika.

Kisha mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mwenye miwani na jicho la ukaguzi, akatuagiza pambo la kutundika kwenye ukumbi mpya. Lishonwe kwa sare kuukuu za watoto na vitambaa vipya, picha ya mlango ulio wazi. Angelichukua Ijumaa. Jumatatu nikajiunguza kidole cha shahada kwa pasi. Kikavimba, sindano haishikiki, na mama mkwe huku anashona tu. Kazi yake ya siku mbili ikalala pale kwenye fremu kama alivyoiacha.

Jumatano asubuhi, hodi. Mwalimu mkuu.

"Nilikuwa napita tu," akasema, "nikaona nichungulie."

Akaanzia kwangu, ameinama, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwambia, "Mwalimu, chai kwanza." Akasema chai baadaye. Nikakohoa. Nikasogeza kiti njiani, akakizunguka. Alipofika upande wa dirishani akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mama alikuwa pale pale, sindano mkononi.

"Mbona huku..." mwalimu akaanza.

"Huko bado hakujafumuliwa," mama akasema, wala hakuinua uso. "Mke wa mwanangu kaungua kidole. Mpe mpaka hiyo Ijumaa."

"Hakujafumuliwa?"

"Mimi nashona, yeye anafumua anashona tena. Ndiyo kazi yetu ilivyo siku hizi."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama kidole changu. Akasema haya, Ijumaa basi, na chai hakuinywa.

Alipotoka nikakaa chini. "Mama. Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nimekufa macho, sijafa vidole. Nikipapasa baada ya kuamka nakuta mishono si yangu. Si mibaya, ila unavuta uzi mno."

"Na fundo?"

"Nikifunga fundo utafumuaje? Utakata uzi, utatoboa kitambaa, saa itakwisha hujamaliza. Unadhani ni kazi ndogo kujikoromesha saa nzima kila siku? Koo limeniuma!"

Nililia. Mimi si mtu wa machozi, lakini nililia mpaka kamasi zikanitoka.

"Usiloweshe kazi ya watu," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya sindano."

"Nisingekunyang'anya."

"Ungenihurumia. Ni yale yale."

Alhamisi kidole kilipoa kidogo, nikahamia dirishani mchana kweupe, naye macho wazi kando yangu. Nilifumua, yeye akapokea uzi na kuuzungushia kwenye kipande cha mbao. Alinikosoa njia nzima. Tulikwenda hivyo mpaka kona ya chini kabisa, kwenye kiraka kidogo cha buluu kilichokatwa kwenye shati la mtoto. Nikavuta ncha, haikuja. Nikavuta tena. Palikuwa na fundo, na juu yake fundo, na juu yake jingine. Mishono yenyewe punje za mahindi, inapanda na kushuka.

"Mama, hiki kimefungwa."

"Najua."

"Nilete mkasi?"

Akapapasa kitambaa mpaka akaukuta mkono wangu, akausukuma pembeni taratibu. "Hicho changu," akasema. "Kiache."

Nikahamia kiraka kilichofuata.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja. Akainama tena na miwani yake, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kiraka kwa kiraka. Kwenye kona ya chini akasimama. Mama alikuwa ameacha kuzungusha uzi.

"Na hapa?" mwalimu akauliza.

"Hapo pamekwisha," nikasema.