Kumwogesha Mbwa wa Anna

Alikuwa na wiki tano tu, mdogo kama ngumi, na aliingia nyumbani kwetu Bunju akinukia marashi ya mwanamke. Mume wangu Kasiani, anayechonga vinyago Mwenge, alisema kapewa na Anna, mteja wake wa Mbezi Beach. Mteja tu. Mteja gani anapiga simu kila asubuhi kuuliza mtoto wa mbwa kaamkaje?

"Usimwogeshe," Kasiani aliniambia akivaa viatu. "Anna kasema bado mdogo mno, afutwe tu na kitambaa cha maji ya vuguvugu. Tena Anna kasema asikae kwenye upepo."

Anna kasema! Mimi nilipougua malaria hakuuliza hata kama nimekula. Wivu ulinipanda. Alipotoka tu, nikamtumbukiza mbwa kwenye beseni la maji ya kisima, nikamsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka marashi yakaisha. Nilifurahi, sitasema uongo.

Kisha akaacha kulia. Akatetemeka, halafu hata kutetemeka akaacha, shingo ikalegea mkononi mwangu. Nikaogopa. Huyu alinikosea nini?

Namba ya Anna nilikuwa nayo. Niliinakili kwa siri kwenye simu ya Kasiani mwezi uliopita, nikaitunza kwa siku ya kumtukana. Nikapiga.

"Mie Tekla, wa kwa Kasiani. Mbwa anakufa. Nimemwogesha maji ya baridi."

Hakunifokea. "Mkaushe na taulo, haraka. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike. Akianza kumeza, mpake sukari kidogo kwenye ufizi."

Nilifuata kila neno. Tulikaa kwenye simu muda mrefu, hadi pua ya baridi ikaanza kunisukumasukuma kifuani.

"Anasogea!" nikapiga kelele.

Anna alikuwa analia. "Asante, jamani. Kasiani aliniambia dada yake ana roho nzuri, ndo maana nikakubali huyu mtoto wa mbwa akae kwenu mpaka tufunge ndoa. Ubarikiwe, wifi."

Wifi. Picha ya harusi yetu ilikuwa ukutani, mbele ya macho yangu. Matusi niliyomtunzia mwezi mzima yalikuwa bado yapo yote, ila hayakuwa yake tena. Nikamfunika mbwa vizuri kwa khanga.

"Mie si dada yake, Anna. Ni mkewe. Njoo Bunju, tumsubiri wote."