Sala ya Fondo

Mama aliwaambia wanawake wote wa jumuiya yetu ya kanisa kwamba kaka yangu Fondo alikufa akisali kwa Kilatini. Mama mwenyewe alikuwa kando ya kitanda chake hospitalini, amemshika mkono, akayasikia maneno yakimtoka taratibu mpaka yakaisha. Majirani zetu wa hapa Mikindani walipokuja matangani na kulia kwamba ameondoka angali kijana, mama aliwajibu, "Lakini aliondoka na Mungu mdomoni." Alilishika hilo kama mtu anavyoshika fimbo ya kutembelea.

Mimi nilikuwa na sauti yake kwenye simu. Alinitumia akiyasoma maneno hayo hayo, mama aliyatambua, kabla figo hazijamlaza, na nyuma yake malori yanapiga honi, maana alikuwa karani kwenye yadi ya makontena kule Changamwe. Kilatini alijifundisha mwenyewe. Kilianzia kwenye kwaya. Sisi wengine tuliziimba zile nyimbo za Kilatini kama kasuku. Yeye akataka kujua anamwambia Mungu nini. Akapata kitabu cha mitumba kisicho na jalada, akawa anakisoma saa ya chakula cha mchana, wenzake wakimwita Baba Askofu na kumwomba baraka kabla ya kula ugali.

Mwaka wa kifo chake ulipofika nusu, mama aliniita nikiwa kwenye cherehani.

"Eddah."

"Abee, mama."

"Siku ya misa ya kumbukumbu nataka ile sala ya kakako isomwe. Uisome wewe, na watu uwaambie maana yake."

"Maana yake siijui, mama."

"Kitabu si kipo? Yeye alifundishwa na nani?"

Nikakitoa kitabu chini ya kitanda. Niliifungulia sauti ya Fondo kwenye simu huku kidole changu kikifuata kurasa, nikapita sehemu ya nyimbo za kanisa, nikapita mazoezi, mpaka nikayakuta maneno yake karibu na mwisho. Juu ya ukurasa palisema ni mashairi ya Warumi wa kale, watu walioishi kabla ya Kristo kuzaliwa. Moyo ukanishuka. Wale hawakumjua Mungu ambaye mama alikuwa akimtegemea.

Nilimweleza Purity, tunayeimba naye sauti ya pili. Akacheka.

"Soma tu, dada. Ukimaliza useme Amina. Mikindani hii nani atakuuliza?"

"Na mama?"

Hapo hakucheka.

Niliweka maneno yale kwenye simu itafsiri, ikanipa habari za vidole vya maharage na barabara yenye macho. Basi nikaanza mwanzo wa kitabu, kama Fondo alivyoanza. Nilisoma asubuhi kabla wateja hawajaja, kitabu nimekiegemeza kwenye cherehani. Nilikata tamaa mara nyingi. Maneno ya Kilatini hayakai pamoja na wenzao. Jina liko huku, sifa yake iko kule mwisho wa mstari, na katikati kuna umati. Kisha nikaona kwamba yanatambuana kwa mikia, kama yetu yanavyotambuana kwa vichwa, watu wazuri, vitu vizuri, na hofu ikanipungua. Sikuwa mgeni kabisa pale.

Shairi lenyewe lilifunguka asubuhi moja, wakati wa mvua za vuli. Nilikuwa nayajua maneno tayari, moja moja: *digiti*, vidole, *oculi*, macho, *viam*, njia. Yalikuwa yamelala tu kwenye karatasi. Mara yakainuka pamoja. Bibi ameketi mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Vidole vyake havimhitaji tena. Vinajua kipi ni kijiwe na ipi ni mbegu. Ndiyo maana macho yako huru, na macho yako njiani, yanamngoja anayekuja.

Niliinua kichwa. Mama alikuwa mlangoni, ungo mapajani, anachambua mbaazi za kupika na nazi, za kuuza kesho asubuhi. Uso wake ulielekea barabarani, kama ulivyoelekea siku zote Fondo alipokuwa akichelewa kutoka kazini. Mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita, asiyejua kwamba kuna Mikindani, alimwona mama yangu, akamweka kwenye maneno machache, na hakukosea hata mkono.

Ningeweza kunyamaza. Nilifunga kitabu, nikaketi kwenye kizingiti karibu naye.

"Mama, si sala."

Vidole vilisimama. "Nini si sala?"

Nikamsomea kwa Kilatini, kisha kwa lugha yetu, polepole. Alisikiliza bila kunitazama.

"Kwa hiyo hakuwa akisali."

"Hapana, mama."

Akauweka ungo sawa mapajani. Kisha akasema, "Soma tena hapo pa macho."

Nikasoma.

"Na anayengojwa, alikuja?"

"Shairi halisemi. Linaishia njiani."

"Huyo aliyelitunga alimwona wapi bibi huyo?"

"Kwao Roma. Zamani, kabla ya Yesu."

"Basi naye alikuwa na mama," akasema. Akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, akaona vimekwisha kurudi kazini peke yake.

Siku ya kumbukumbu, padri alisoma misa, na Kilatini hakikusomwa kanisani. Baadaye wanawake wa jumuiya walikuja nyumbani kula, wakaketi mikekani. Pascalia, mwenyekiti wao, akafuta mikono.

"Mama Fondo, tuliahidiwa sala."

Nilimtazama mama. Alikunja upindo wa leso yake, akaukunjua.

"Haikuwa sala, Pascalia. Alikuwa akiniona mimi." Kisha akanigeukia. "Wasomee, Eddah. Kwanza kwa maneno yake mwenyewe."

Nikawasomea. Nilipofika neno la mwisho kwa lugha yetu, wote walikuwa wameelekea barabarani, ingawa hapakuwa na aliyekuwa akija ila muuza maji na mkokoteni wake.