Nani Ambebe Suhaila

Jana usiku, titi likiwa bado mdomoni mwa Suhaila, niliota nimo darasani, yeye mgongoni. Ni lile darasa la jioni hapa Paje, tunakojifunza Kipolandi kwa ajili ya watalii. Asubuhi nilikuwa na usaili hotelini, na wifi yangu Mize alikwishaniambia, "Mtoto utaniachia. Nani anayekwenda usailini na mtoto mgongoni?" Suhaila bado mchanga, na chupa haitaki.

Ubaoni kulikuwa na neno moja, *porozmawialibyśmy*, yaani tungezungumza kidogo. Likashuka. Likajikata vipande saba vya silabi, vikasimama mstari: Po, Roz, Ma, Wia, Li, Byś na My. Wote wamevaa makoti ya baridi. Hakuna aliyeshangaa.

Mbele yao anaelea Kistari, kile cha kukatia maneno, mfupi, amelala ubavu hewani. Yeye ndiye msimamizi.

"Mama, huo mgongoni ni mkazo wa neno," anasema. "Mkabidhi anayestahili kuubeba."

"Huyu ni mwanangu."

"Ndiyo huyo huyo. Neno halisemeki bila yeye."

Katika Kiswahili chetu mkazo humwegemea silabi wa pili kutoka mwisho. Basi nikahesabu kwa mazoea, nikampa Byś. Magoti yakamkunjika.

"Mimi mgeni, mama!" akalalamika. "Mimi na My tumebandikwa tu mkiani mwa neno, tumepita kusalimia."

"Wageni hawahesabiwi," akasema Kistari. "Kwenu mgeni akifika mnambebesha mtoto?"

Nikaona haya.

Sasa darasa ni kliniki ya watoto. Mstari ni ule ule, ila mizani inaning'inia darini. Kistari anahesabu upya. Ukiwatoa wageni, wa mwisho ni Li, na wa pili kutoka mwisho ni Wia. Wia, mama mnene mwenye mafua, anamfunga Suhaila mgongoni. Anamfunga vizuri, sina la kumlaumu. Suhaila ananitazama tu, anakwenda.

"Na mimi nisimame wapi?" nikauliza.

"Wewe si silabi."

Li akageuka. "Jisogeze hapa, mama, kati yangu na Wia. Mimi nitabaki wa mwisho, sina neno."

Kistari akakuna kichwa, ijapokuwa hana. "Litarefuka."

"Kwani sasa ni fupi?" akasema Wia. Akapenga kamasi, akanirudishia mwanangu.

Wakaanza kujitaja. Po. Roz. Ma. Wia. Zamu yangu ilipofika sikuwa na sauti yoyote. Suhaila akapiga chafya, chafya ya mtu mzima. Li akapokea, wageni wakafuatia.

"Limesemeka," akasema Kistari. Akamchora Suhaila chaki kisiginoni.

Nikaamka. Kumekucha, wifi Mize yuko mlangoni amenyoosha mikono.

"Lete mtoto, utachelewa."

Nikavaa, nikamfunga Suhaila mgongoni. "Naenda naye. Na wewe twende, wifi, usimame nyuma yangu."

"Nyuma yako nifanye nini?"

"Usimame tu, uwe wa mwisho."

"Makubwa haya," akasema, lakini akachukua buibui lake.

Njiani nilihisi anaushika mguu wa Suhaila, anausugua kwa kidole gumba.

"Huyu mtoto kachezea wapi chaki?"

Darasani kwetu hakuna chaki; ubao ule mweupe tunauandikia kalamu ya wino.