Elfu Tisa Mia Tisa Tisini na Moja

Hosiana alikuwa hajathubutu kumtazama Mkufunzi Kasimiri usoni tangu kipindi kianze. Alijua tu kwamba yupo nyuma ya dawati la mwisho, fomu ya tathmini ikiwa gotini. Mara ya kwanza alipokuja kumkagua akifundisha, alimfelisha. Akimfelisha na leo, atarudia mwaka mzima wa chuo.

"Haya, nani atanipa namba kubwa tuone kama ni tasa?" akaliuliza darasa.

"Elfu tisa mia tisa tisini na moja," akasema Zuleha, binti wa mkulima wa kabichi hapohapo Mgeta.

Hosiana akaiandika ubaoni. Akaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Kila mara kukawa na baki. Akasogea hivyo hadi thelathini na moja, chaki ikimteleza kwa jasho. Nyuma akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Haigawanyiki," akasema upesi. "Ni namba tasa."

Zuleha alikuwa bado amesimama. "Samahani, Mwalimu. Mbona inapangika?"

"Inapangika vipi?"

"Kama miche. Mia kwa mia ni elfu kumi. Ila kwenye kona pana jiwe, miche tisa imekosa nafasi, tatu kwa tatu. Inayobaki ndiyo hiyo namba."

"Huyu anataka kupanda kabichi ubaoni," akasema Salehe, na darasa likaangua kicheko.

Keti, muda umekwisha. Maneno hayo yalishafika ulimini mwa Hosiana. Kisha akaona vidole vya yule mtoto vilivyong'ang'ania ukingo wa dawati. Akampa chaki.

Zuleha akachora mraba, akafuta kipande cha kona. "Hii mistari mitatu mifupi ina miche tisini na saba kila mmoja. Naing'oa yote, naisimamisha wima ubavuni mwa ile mirefu tisini na saba. Sasa nina mistari tisini na saba, na kila mstari una mia na tatu."

Hosiana akazidisha mwenyewe, taratibu, mbele ya wote. Ikatoka ileile. Akalifuta neno "tasa".

"Zuleha yuko sahihi. Mimi niliishia thelathini na moja nikatangaza. Ilinipasa niende mpaka karibu na mia."

"Kwa nini mia, Mwalimu?" Ilikuwa sauti ya mkufunzi. "Kwa nini usivuke?"

"Mia kwa mia inazidi namba yetu. Kama kuna mbili zinazozidishana kuipata, moja lazima iwe chini ya mia."

"Usiniambie mimi. Waambie wao."

Akawageukia, akaeleza upya kwa miche ya Zuleha, mpaka Salehe naye akaacha kucheka na kuanza kuchora.

Kengele ilipolia, mkufunzi alimkabidhi fomu mlangoni. Kwenye umahiri wa somo alikuwa amemkata alama sita.

"Hizo sikurudishii," akasema. "Ulitangaza kabla ya kumaliza."

"Ndiyo, Mkufunzi."

Macho yakateremka hadi mstari wa mwisho: amefaulu.